Mama Mukwe Anakula Akinisikia Mbali

Kulisha mama mukwe ni kazi inashinda hata wenye madiplome wa Bukavu hii yote. Mimi niliiweza.

Alikuwa ametoka kutibiwa mpox. Homa iliisha, lakini vidonda vilikuwa bado kukauka vyote, na enfirmie wa hospitali alisema akae peke yake chumbani, mutu mumoja tu amutunze. Bibi yangu alikuwa na mimba. Nikamupeleka yeye na batoto kwa dada yake, kule mutaa wa Muhumba. Akabaki nani? Mimi. Mutu aliyeanza kwa kubeba saruji ya wengine kichwani, leo niko na depo yangu ya saruji na nyumba ya matofali hapa Bagira, nishindwe na sufuria?

Nikavaa maski na gan za mikono, nikapika bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, nikaweka sahani mulangoni pake. Ikarudi vile vile. Nikapika sombe ya majani ya muhogo. Ikarudi. Enfirmie akapita kumuona, akatoka anatikisa kichwa.

"Papa, huyu maman asipokula tutamurudisha kulazwa."

Ningemwambia nini bibi yangu? Nikasimama nyuma ya pazia ya mulango wake.

"Mama, chakula yangu iko mubaya?"

"Hapana, mukwe. Inanukia muzuri sana. Lakini muko hapo. Nitafune mukinisikia?"

Lo! Nilisahau kabisa. Kwetu mama mukwe hali mbele ya mukwe wake, ni haya kubwa.

"Basi natoka nje, mama."

"Na nitajua aje kama mumefika mbali?"

"Mutanisikia!"

Nikapasha bugali na sambaza, nikaweka sahani tena mulangoni pake, nikashuka mpaka mwisho wa kiwanja, nikaanza kupaza sauti juu ya maisha yangu. Mufuko wa kwanza niliobeba. Ile mvua iliyogeuza saruji yangu kuwa mawe, na vile niliuza yale mawe kwa mutu anayejenga musingi. Jirani akachungulia juu ya ua.

"Patron, leo unajisifu kwa nani? Kwa kuku?"

"Kwa mama mukwe! Anakula!"

"Aa, basi ongeza sauti! Sema na ile siku ulianguka mu mufereji na mufuko wa watu!"

Nikasema na hiyo, jirani anacheka mpaka anashika ua. Koo ikakauka, nikanyamaza kidogo nipumue. Palepale dirisha likafunguka, na sauti ikatoka, nene, ya mutu mwenye nguvu:

"Mukwe! Mumenyamaza, munarudi? Muongee, sambaza bado iko!"

Nikaanza upya, kutoka mufuko wa kwanza.