Kerege Kabla ya Mbegani

Saa moja na nusu asubuhi, Bi Chausiku Dadi anausukuma mlango wa masijala kwa bega. Mvua za masika zimeanza na mbao zimevimba. Anafungua madirisha, anapangusa kaunta kwa kipande cha kanga kuukuu, kisha anakagua kabati kwa macho. Kila faili linapochukuliwa, mahali pake hutundikwa kibao chenye jina la karani aliyelichukua. Leo kibao ni kimoja tu. Faili la Kerege liko kwa Mzee Alawi tangu jana.

Anakitazama kibao hicho kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi yake. Ndani ya faili la Kerege mna kiwanja cha mama yake mzazi.

Masijala hii ni ya ofisi moja ya serikali hapa Bagamoyo. Wenyewe wameomba isitajwe kwa jina, nasi tumewastahi. Bi Chausiku ndiye mshika funguo wake, kwa mshahara usiofika shilingi mia nne kwa mwezi, na ana watoto watatu katika chumba kimoja cha kupanga.

Tangu watu waanze kuhamia vijiji vya ujamaa, kazi kubwa ya makarani ni kuhamisha viwanja. Jina la mtu hufutwa katika faili la kijiji alikotoka, likaandikwa katika faili la kijiji alikohamia. Ili aikamilishe kazi, karani sharti awe na mafaili yote mawili mezani kwa pamoja. Akifuta huku akaacha kabla hajaandika kule, mwenye kiwanja anabaki hana kwao, si huku wala kule. Kwa sababu hiyo pia, karani aliyekwisha kuanza kazi haruhusiwi kurudisha faili mpaka amalize.

Kwa aliye mbali hayo ni mambo ya karatasi tu. Kwa Bi Mize, mama yake Bi Chausiku, ni mambo ya mvua. Mama huyu ni mjane aliyehamishwa kutoka Kerege kwenda kijiji kipya cha Mbegani. Bila karatasi ya kiwanja hawezi kusimamisha hata nguzo moja, na kwa sasa analala barazani kwa jirani, chini ya makuti yanayovuja. Bintiye amembembeleza aje mjini mara nyingi.

"Hataki hata kusikia," anasema Bi Chausiku. "Anasema akiondoka, watakiona kiwanja hakina mtu wakampa mwingine. Mama yangu akishasema, amesema."

Msomaji atashangaa kwamba mwenye funguo za kabati anashindwa kumtolea mama yake karatasi. Ili aelewe, inafaa ajue yaliyotokea mwaka jana.

Mwaka jana Mzee Alawi, karani mkongwe kuliko wote, alichukua faili la Kerege akawa anataka la Mbegani. Wakati huohuo Kitwana, karani kijana, alichukua la Mbegani akawa anataka la Kerege. Kila mmoja alikuwa amekwisha kuanza kazi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kurudisha. Kila mmoja akakaa kumsubiri mwenzake.

Kwingine wangegombana siku ya pili na jambo likaisha. Lakini hapa ni Bagamoyo. Kila asubuhi Kitwana alimwamkia Mzee shikamoo, Mzee akaitika marahaba, wakaulizana hali za nyumbani, wakanywa kahawa kwenye benchi moja. Habari ya faili haikuguswa.

"Ningeanzaje?" anauliza Kitwana. "Mzee ni wa makamo ya baba yangu. Nimwambie alete faili, kama namdai?"

Mzee Alawi naye ana lake. "Nilimwona kijana ameinamia kazi. Nikasema nisimharakishe, asije akakosea."

Wakastahiana hivyo msimu mzima wa pepo za kusi. Nyuma yao kukawa na foleni ya makarani wengine waliokuwa wakiyahitaji mafaili hayohayo, na nyuma ya makarani kukawa na watu wanaolala kwenye baraza za wenzao. Hakuna aliyekuwa mvivu wala mla rushwa. Wote walikuwa waungwana, na uungwana wao ndio ulioifunga ofisi.

Aliyegundua ni Bi Chausiku, siku alipokuwa akipangusa rafu akaona vibao viwili vimeshika vumbi. Anasema alicheka kwanza, kisha akasikia uchungu, kwa kuwa aliwafahamu baadhi ya watu waliokuwa wakingoja. Mkuu wa ofisi aliingilia kati, kazi ya Kitwana ikabatilishwa ikaanza upya, na Kitwana hakusahau fedheha hiyo.

Dawa Bi Chausiku aliitoa kisimani. Mtaani kwao wanawake huchota maji kwa kamba moja na ndoo moja za shirika. Zamani mmoja aliwahi ndoo, mwingine akawahi kamba, wakakaa wanatazamana mpaka jua linawaka. Wakawekeana sharti kwamba hakuna kugusa ndoo kabla ya kushika kamba. Aliyekosa kamba anakaa pembeni, mikono mitupu.

"Nikajiuliza, faili lina tofauti gani na ndoo?" anasema.

Aliyapa mafaili ya vijiji namba. Anayetaka mawili lazima aanze na lenye namba ndogo, na asipolipata asiguse lile jingine hata kama anaona liko kabatini. Kerege ni namba ndogo kuliko Mbegani. Kwa hiyo mwenye Mbegani mkononi hawezi kuwa anangoja Kerege. Ama anayo tayari, ama haihitaji. Atamaliza tu, arudishe, na wa nyuma yake asogee.

Mkuu wa ofisi alikubali wajaribu mpaka mwisho wa mwezi huu. Ikitokea lawama, au mtu akipendelewa, watarudia mtindo wa zamani. Mzee Alawi hakuupenda utaratibu huo na hakuficha. "Mtu mzima na mvi zangu, niondoke kaunta mikono mitupu na faili ninaliona?"

Asubuhi hii ya leo Kitwana anaingia akikung'uta maji kwenye mwavuli.

"Shikamoo, dada Chausiku."

"Marahaba, Kitwana. Mmeamkaje huko?"

"Salama. Leo ni zamu ya Bi Mize. Nipe Kerege na Mbegani."

"Kerege iko kwa Mzee."

Kitwana anachungulia kabati. Faili la Mbegani limo, limetulia. Anapunguza sauti. "Basi nipe hilo nilishike. Wenzetu wakija watalichukua, na tutangoja tena. Mzee akimaliza Kerege nitamalizia palepale."

Funguo ziko mkononi mwa Bi Chausiku. Anazigeuza.

"Sikupi."

"Dada, huyu ni mama yako!"

"Ndiye aliyenizaa, wewe ndiye wa kuniambia? Nenda, Kitwana. Kerege ikirudi nitakuita."

Kijana anaondoka amenuna. Bi Chausiku anazunguka nyuma ya kabati na kujifuta macho kwa ncha ya kanga. Inamuuma, na hajaribu kutuficha kwamba inamuuma.

Haipiti nusu saa, Mzee Alawi anaingia na faili la Kerege kwapani. Amefika mahali ambapo hawezi kuendelea bila la Mbegani. Anatazama kabati kwa wasiwasi, kisha uso unamchangamka. "Alhamdulillahi, limo!"

Bi Chausiku anampa. Lau lingekuwa kwa Kitwana, ofisi ingekuwa imekwama kama mwaka jana, watu walewale na mafaili yaleyale.

Mwandiko wa Mzee Alawi ni wa kupendeza na haumpi nafasi ya kwenda mbio. Jioni inafika hajamaliza. Usiku mvua inanyesha bila huruma, na Bi Chausiku anatuambia kesho yake kwamba hakulala; kila ngurumo ilimkumbusha ile baraza.

Asubuhi hiyo Mzee anarudisha mafaili yote mawili. Kitwana amekwisha kumweleza ni nani aliyekuwa akingoja nyuma yake, na sauti ya Mzee imenywea.

"Mwanangu, kumbe ni mama yako? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanyaje, Mzee?"

"Ningekuachia palepale."

"Na wale uliokwisha kuwafuta Kerege ungewaacha wapi?"

Mzee Alawi anakaa kwenye benchi. Anavua kofia yake na kuipakata. Baadaye anaingia kwa mkuu wa ofisi pasipo kuitwa. Anapotoka anamwambia Bi Chausiku kwamba amekwenda kusema utaratibu ubaki, na kwamba mvi zake zimezoea. Mkuu amekubali.

Kitwana anachukua Kerege, kisha Mbegani. Kabla ya adhuhuri karatasi ya Bi Mize imetiwa sahihi na mhuri, na bintiye anaipeleka mwenyewe, imeviringwa ndani ya nailoni isilowe.

Alimweleza mama yake kila kitu, hata kwamba faili lilikuwa mbele yake akakataa kulitoa. Bi Mize alisikiliza mpaka mwisho. Nguo zake za usiku ule zilikuwa bado zimeanikwa, hazijakauka.

Jumamosi vijana wa kijiji wanakuja kuchimba mashimo ya nguzo. Bi Chausiku ameomba likizo fupi ili akandike udongo kwa mikono yake, na matumaini yake ni kwamba paa litakuwa juu kabla masika hayajakolea.

Tulimuuliza kama mama yake amemsamehe.

"Bado," alisema, akacheka huku machozi yanamlengalenga. "Amesema nimefanya haki, lakini kunisamehe ni siku atakayolala pakavu."