Siku Niliyomfukuza Mtani Msibani

Siku tuliyomzika baba niliaibika mbele ya majirani zetu wote wa Handeni, na wa kumlaumu sina ila ulimi wangu.

Ilikuwa wakati wa Mdachi, nami nilikuwa nimesoma kidogo kwa wamishenari Waingereza kule Korogwe (kidogo kweli, na nusu yake niliiacha njiani nikirudi nyumbani), sasa padri mmoja wa huko, aliyekuwa akipita Handeni, alipoingia kutupa pole nikaamua kumjibu kwa Kiingereza, ingawa Kiswahili alikijua vizuri, ili watu waone kwamba baba hakunisomesha bure. Nilitaka kusema nimo katika majonzi. Kwa Kiingereza neno la majonzi na neno la kaburi yanakaribiana, nami nikachukua la kaburi.

Padri akanishika bega. "Mwanangu," akasema kwa Kiswahili, "kaburini bado hujaingia."

Mhina alisikia. Huyu ni mtani wetu, na kwa desturi mtani ndiye anayepiga jembe la kwanza kaburini, tena ana ruhusa ya kumcheka hata mfiwa. Akawaambia watu uwanjani, "Jamani, tuchimbe mawili, huyu naye keshajizika kwa Kizungu."

Watu wakacheka, na mimi, badala ya kucheka nao kama inavyotakiwa, nikamwambia mbele ya padri, "Ondoka hapa, huna adabu."

Mhina aliweka jembe chini akaenda zake, watani wenzake wakamfuata, na hakuna mwanamume mwingine aliyethubutu kuligusa, jua likazidi kupanda na baba yumo ndani hajazikwa. Mama akaniita pembeni. "Mfuate," akasema. "Baba yako hatazikwa na Kiingereza chako."

Nilimkuta Mhina kwake anakula muhogo. "Shikamoo," nikasema (na ni rika langu).

"Marahaba, marehemu. Nani kakufukua?"

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka mpaka kilio nilichokuwa nimekizuia tangu asubuhi kikatoka, naye akafuta mikono, akainuka, tukarudi pamoja.

Alichimba huku akinitania bila kupumzika, nami nikaitikia kila neno, na baba akazikwa siku ileile. Tangu hapo pole naipokea kwa lugha niliyozaliwa nayo, na mtani akifungua kinywa msibani kwetu, mimi nafunga changu.