Mbabula Nyuma ya Mlango

Siku hizi mbabula ya mama inakaa barazani, mbele kabisa, mahali kila mgeni anaiona. Haikuanzia hapo.

Mama alihamia kwetu, mtaa wa Bel-Air, mwezi wa sita, baridi ilipoanza kuuma. Alishuka na gunia la makala, makaa ya kupikia, na mbabula, lile jiko la bati lenye matundu alilopikia tangu utoto wangu kule Katuba. Niliona haya. Nilivisukuma vyote nyuma ya nyumba, nikamwambia sisi tuna radiatere ya umeme ya kupasha nyumba joto.

"Na courant ikienda?" aliuliza, maana umeme wetu hukatika mara kwa mara.

"Itarudia, mama." Nilimjibu kwa mkato, mimi bibi mkubwa wa mjini.

Jumapili moja mama mkwe wangu alipanga kuja na dada yake kunywa chai asubuhi. Saa moja kabla hawajafika, umeme ukakatika. Mama alikuwa na kikohozi, midomo inamtetemeka. Akaomba mbabula.

Katuba nzima inajua: makala unayawasha nje, unangoja mpaka yawe mekundu, ndipo unayaingiza, na mlango unabaki wazi. Nilijua tangu mdogo. Lakini sikutaka wageni wakute moshi uani kwangu. Niliiingiza mbabula chumbani kwa mama makala yakiwa bado nusu meusi, nikafunga dirisha, nikafunga mlango, kisha nikaziba chini kwa taulo ili harufu isifike sebuleni.

"Acha mulango wazi kidogo," mama alisema nilipokuwa natoka.

"Ngoja tu kidogo, mama. Bageni beko njiani."



Wageni wakaja, nikawamiminia chai ya thermos. Nilisema mama amelala. Nilicheka sana asubuhi ile, kicheko cha kujipendekeza. Halafu mama mkwe akanusa.

"Ni nani eko anawasha makala mu nyumba?"

Nikasema labda ni kwa majirani. Nilidanganya huku namwongezea sukari! Yeye aliinuka, akafuata harufu ukumbini, akalisukuma taulo kwa mguu na kufungua.

Mama alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kichwa kimeangukia kifuani. Wale wageni wawili ndio waliomburuta mpaka uani. Mama mkwe alimlegeza kitambaa, akawa anampepea na kumwita. Mimi nilisimama na kijiko mkononi, sina faida yoyote. Mama alitapika, kisha akafungua macho.

"Juu ya nini haukuita?" mama mkwe alimuuliza, karibu kulia. "Ungepiga hata mulango!"

Mama alinitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Nilisikia eko anacheka na bageni," alisema. "Nikasema, mutoto wangu asione haya mbele yabo juu yangu."