Sura Aliyoitengeneza Zdravka

Zdravka, mwenye duka la picha lililo ubavuni mwa kibanda changu cha banitsa, ile mikate ya jibini, hajawahi kumtoa mtu vibaya. Ukiingia na chunusi, unatoka huna. Kwetu mtu akifa, karatasi yenye picha yake hubandikwa mlangoni kwao, kwenye nguzo na kituo cha basi, na arobaini ikifika hubandikwa nyingine, kwa hiyo kazi yake imetapakaa mji mzima, na marehemu wetu wote wamependeza. Mume wangu, aliyekunywa rakia tangu ujana wake mpaka ikamzika, alikaa nguzoni na mashavu laini kama ya shemasi. Nilimshukuru Zdravka kwa machozi, na sioni haya kusema.

Kazi alirithi kwa baba yake, enzi za brashi na penseli. Siku hizi ana kompyuta yenye akili mnemba. Hiyo haipangusi vumbi tu. Imelishwa sura za watu wasiohesabika, na pale ambapo picha haionyeshi kitu, yenyewe inabuni na kujaza. Zdravka aliipenda upesi. Alisema inamaliza kwa muda wa kunywa kahawa kazi iliyokuwa ikimla macho wiki nzima.

Asubuhi moja ya Novemba, vilele vya milima vikiwa vimeshaanza kuvaa theluji, Ginka wa mtaa wa chini aliingia dukani akihema. Baba yake, mzee Nedyalko, ambaye akili yake ilikuwa ikimpotea kidogo kidogo, alikuwa ametoka nyumbani alfajiri na shati tupu na ndala. Polisi walitaka picha. Aliyokuwa nayo Ginka ni moja tu ya kwenye simu, ya harusini, gizagiza, mzee amegeuka nusu na sura imevurugika.

"Hapa haonekani kitu, dada Zdravka. Nani atamjua?"

"Kaa chini, mwanangu. Nitamsafisha."

Nilikuwa mlangoni na aproni yangu. Sura ikapanda kutoka kwenye giza: ngozi, macho, midomo. Ginka akaibusu skrini. "Yuko kama zamani," alisema, akalia. Mbele ya binti anayelia hivyo, hakuna aliyekagua. Karatasi zikachapwa, na kabla ya saa sita kila nguzo ilikuwa na mzee Nedyalko.

Wanawake wawili waliokuja kununua banitsa waliitazama nguzo, wakapiga ishara ya msalaba.

"Mungu amrehemu. Alikuwa mwanamume mzuri."

"Hajafa huyo," niliwaambia. "Kapotea. Someni basi, au mmeacha macho nyumbani?"

Wakasoma, wakaona haya. Lakini mimi nilishikwa na hofu, maana wangapi walikuwa wamepita hivyo hivyo, wamemwombea na kuendelea na safari zao? Jua lilikuwa limeanza kuinama, na upepo wa milimani ulikuwa ukiuma masikio.

Zdravka alikuwa anakunywa kahawa kwangu wakati Kiro, dereva wa gari la mkate, alipoegesha.

"Huko juu hujamwona mzee wetu?" nilimuuliza.

"Mzee nimemwona, ila si wenu. Yuko pale kwenye kikanisa, njia ya machimbo. Nimempa mkate."

"Umejuaje si wetu?"

"Mama, mimi si kipofu. Huyu wenu wa nguzoni ni kama bwana harusi. Yule jicho moja limelala, na mdomo umeingia ndani, hana hata jino la kusingizia."

Zdravka akaweka kikombe chini. Nedyalko alipigwa teke na nyumbu akiwa kijana, na ukope wa kushoto haukuinuka tena. Mji mzima tunajua. Kompyuta haikujua. Ilimfungua jicho, ikamjaza meno mdomoni. Zdravka aliingia dukani na kurudi na ile picha ya harusini, kaichapa mbovu vile vile, hajaigusa.

Kiro aliitazama kidogo tu. "Ndiye huyu. Alivyoinamisha bega."

"Na ukamwacha, wewe? Na shati tupu?" nilimfokea.

"Nilidhani ni wa kijiji cha juu. Wazee wa kule ndio mavazi yao." Akafungua mlango wa gari. "Nikampa na karatasi yenu, moja ya zile nilizopewa nibandike njiani. Nikamwambia, mzee, ukimwona mtu huyu, wapigie watu wake kelele."

Nilifunga kibanda, tukajibana kwenye gari la mkate. Ginka tulimchukua darajani, ambako watu walikuwa wakimtafuta baba yake mtoni, upande usio wake kabisa.  Njia nzima Zdravka alikuwa amekunja picha mkononi mpaka ikawa kama kitambaa.

Kikanisani hapakuwa na mtu. Juu ya ngazi kulikuwa na mkate ulioumwa mara moja. Ginka aliita mpaka sauti ikamkauka, na mimi nikaanza kumlaani Kiro moyoni, kisha Zdravka, kisha nikajilaani mwenyewe kwa kuwalaani.

Ndipo tukasikia sauti huko juu, kwenye vichaka vya miiba. "Wee bwana! Itika, wee bwana!"

Tulimkuta amesimama katikati ya miiba, shati limechanika, ndala hana, miguu inavuja damu. Karatasi alikuwa ameishika kwa mikono miwili. Ginka akamrukia na koti, naye akamsukuma.

"Niache, dada. Kuna mtu kapotea. Baridi hii itamuua."

"Baba, ni mimi."

"Nyamazeni, nisikie akiitika." Akamgeukia Zdravka, akamwonyesha karatasi. Jicho lake lililolala lilikuwa linatoa machozi kwa upepo. "Mama, hujamwona huyu?"

Zdravka aliitazama ile sura safi. 

"Ameshapatikana, baba."

"Mzima?"

"Mzima."

"Watu wake wamemtambua?"

 Zdravka akaziba mdomo kwa kiganja, akageukia milima.

"Wamemtambua, baba," alisema Ginka.

 Mzee akaachia karatasi, akanyoosha mkono avishwe koti.