Bata Waliokataa Kuruka

Chekeni mkitaka, lakini bunduki nilichagua vizuri. Ninalinda shamba la mpunga kando ya ziwa, nje ya Kisumu, na bosi wangu ana kibali cha kuwapiga bata wa porini wanaomaliza mpunga. Yeye alitaka bunduki ya mitutu miwili. Nikabisha: "Bosi, chukua hii inayojipakia yenyewe. Hata ikiingia tope haikwami."

Akainunua. Asubuhi ya kuijaribu, ukungu ulikuwa umefunika ziwa. Bata weusi walikuwa wamejipanga majini, wametulia. Nikafyatua risasi zote mfululizo. Hakuna aliyeruka.

"Umeona shabaha?" nikamwambia bosi. "Wamekufa wakiwa wameketi!"

Ukungu ukapanda. Kumbe zilikuwa chupa nyeusi za oili, zile wavuvi hufunga kwenye nyavu ili zielee, na sasa zilikuwa zinazama moja moja. Mwenye nyavu alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia mkononi: Mzee Ouma, babake mke wangu, ambaye mbele yake sijawahi hata kukohoa.

"Ni wewe, mkwe?"

"Ni mimi, Baba," nikasema, kifua mbele. "Lakini umeisikia? Haikukwama hata mara moja."