Karatasi za Mama Mkwe Nilizijaza Mwenyewe

(Aliyetuandikia haya tunamjua sisi tu. Jina lake na mtaa anaokaa vimebaki kwetu.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, nina mke na watoto wanne, tumepanga vyumba viwili hapa Kariakoo. Kwetu ni kusini. Shule niliishia darasa la nane, lakini Kichina nakisikia na kukisema, nilikiokota kambini miaka ile tunajenga reli. Ndiyo maana nikapata kazi kwenye zahanati moja ya hapa mjini, ya kumtafsiria daktari wa Kichina. Mwandiko mnisamehe.

Yule daktari alikuwa anafanya utafiti wa baridi yabisi. Wagonjwa wengine aliwachoma vile visindano vyembamba, wengine aliwapa mizizi ya kwao wachemshe wanywe asubuhi na jioni. Kila Ijumaa wanarudi, mimi nawauliza maswali yaleyale na kuandika. Unalalaje? Unakula? Mkojo unatoka vizuri? Umepungua? Una rangi gani? Hayo ya mkojo aliyasisitiza sana. Alisema, "Magoti yakipona haitoshi. Lazima tujue dawa inafanya nini kwingine mwilini."

Mama mkwe wangu alikuwa anaumwa magoti mpaka anashindwa kusujudu. Nikampeleka mimi mwenyewe, akapangiwa dawa ya kuchemsha. Daktari akaniambia, "Huyu ni mtu wa familia yako, ataulizwa na nesi." Nikajitia ujuaji. Nikasema nesi ana kazi nyingi, mimi nitaweza.

Sikuweza. Wa kwetu mtanielewa. Mkwe unamwamkia kwa mbali, humtazami usoni, sahani moja hamli. Leo nimuulize habari za mkojo wake? Alikuwa anakaa benchi la mwisho, kajitanda kanga, kageukia ukutani. Mimi nasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

Basi. Naenda mezani najaza: analala vizuri, anakula, mkojo hauna shida. Ijumaa kumi na moja! Na magoti kweli yalipona, ikawa anatoka Msimbazi kwa mwanawe anakuja kwetu kwa miguu, majirani wanashangaa. Nikajiona nimefanya la maana.

Kinachoniua ni hiki. Mke wangu aliniambia. Alikuwa anachagua mchele, akasema, "Baba Shaibu, mama miguu imevimba. Halafu anasema haja ndogo inatoka kidogo sana, nyeusi kama chai ya rangi."

Nikamjibu, "Daktari anajua, iko kwenye karatasi."

Haikuwepo. Niliona aibu kumwambia daktari kwamba karatasi zote za nyuma nilizitunga. Nikajiambia Ijumaa nitaandika kweli. Ijumaa ilipofika nikaandika hana shida.

Sasa mama amelazwa hospitali kubwa kule Upanga. Figo hazifanyi kazi. Uso umejaa mpaka macho hayafunguki vizuri. Siku aliyolazwa nilimweleza daktari yote. Hakufoka. Siku hiyohiyo aliwaita wagonjwa wote wa dawa ile, akawasimamisha kunywa, akawapima. Wawili wamekutwa wameanza kama mama, ila wamewahiwa. Halafu akaniambia, "Madaktari wa wodini nimeshawaambia. Mkeo utamwambia wewe."

Sijamwambia.

Juzi daktari wangu alikuja kumtazama mama, mke wangu akamvaa palepale wodini. "Muuaji wewe! Mama yangu umemfanya panya wa kujaribia sumu!" Akanigeukia mimi. "Tafsiri! Mbona umemeza ulimi? Mwambie ameniulia mama!"

Nikamwambia kwa Kichina, "Mke wangu anauliza kama mama atapona." Lakini daktari ana Kiswahili cha kutosha kujua anatukanwa. Akanitazama weee, akajibu, "Mwambie sijui." Hilo ndilo nililolitafsiri sawasawa.

Mama alikuwa anasikia yote. Mke wangu alipotoka kufuata uji, mama akasema na mimi akinitazama, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. "Baba, hata ungeniuliza nisingekujibu. Usimwambie mwanangu. Atakuacha, na wale watoto waende wapi?" Nilitoka nje nikalia kama mtoto, watu wanapita.

Mke wangu ameshafika kwa balozi wa nyumba kumi. Shemeji zangu wanakuja kutoka Lindi barabara ikipitika, na mwisho wa mwezi kuna kikao. Daktari ataitwa, wanataka arudishwe kwao. Mtafsiri wa kikao ni mimi, wamenichagua kwa kuwa ni mtu wao.

Dawa ndiyo iliyomdhuru mama, sikatai. Lakini yule mtu aliweka maswali ili aione hatari mapema, na aliyemfumba macho ni mimi. Nikisema, mke sina, na ombi la mama, huenda la mwisho, nimelivunja. Nikinyamaza, nitasimama mbele ya watu nimtafsirie mwenzangu hukumu yangu mimi.

Nitukaneni, nastahili. Ila ndugu zangu, mwezi unaisha. Siku hiyo mke wangu akinyoosha kidole na kusema "mwambie", mimi nimwambie nani, na nimwambie nini?