Anayeleta Uji Si Mwenye Shamba

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na bado inanichoma. Nilikuwa kidato cha pili, hapa hapa Kambu, na watu walikuwa wamejaa uwanjani kumpokea mfadhili wa timu yetu.

Uwanja wenyewe tuliutengeneza kwa mwethya. Mwethya unaujua: leo tunalima kwako, kesho kwangu, hakuna anayelipwa. Kina mama walikata miiba, wakang'oa visiki. Sisi wasichana tukabeba maji ya kushindilia udongo. Timu ikapanda ligi hadi ikabaki hatua moja tu iingie ile kubwa ya taifa. Ndipo akaja huyu tajiri wa malori na jezi mpya, na njumu za wachezaji wote. Kifuani jezi zilikuwa na jina la kampuni yake. Jina la Kambu halikuwepo popote. Na sisi tuliona nini? Tuliona rangi.

Mwenyekiti akapaza sauti, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Vigelegele.

Nyanya yangu, susu Mbithe, akasimama. "Na mgeni akilala kitanda cha mwenyeji, mwenyeji atalala wapi?"

"Susu, keti," kijana mmoja akamwambia. "Mpira wa siku hizi ni biashara."

"Ndiyo nauliza. Biashara ya nani?"

Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, akanigeukia. "Wewe unakenua nini? Kwenye mwethya, anayeleta uji si mwenye shamba. Huyu ameleta uji. Mwambieni aseme shamba ni la nani."

Hakuna aliyemwambia. Nani atamhoji mtu aliyemletea viatu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tulivunjika tukishangilia.

Msimu uliofuata, uwanja ukazungushiwa mabati. Mechi ya kwanza nilimsindikiza susu. Mlangoni kulikuwa na kijana tusiyemjua, akanyoosha mkono.

"Tiketi, susu."

"Hapo unapokanyaga mimi ndiye nilitoa kisiki."

"Sawa susu, lakini tiketi."

Hakugombana. Aligeuka akashika njia ya nyumbani, na nyuma yetu watu wakawa wanapigia goli kelele.

Timu ikaingia ligi kubwa. Hata hatukuifurahia vizuri. Mfadhili akaiuza nafasi hiyo kwa watu wa Nairobi, kwa sababu huko kwa ofisi za mpira timu ilikuwa imeandikishwa kwa jina lake. Wachezaji wetu wakarudishwa nyumbani kama chupa tupu. Golikipa wetu, yule tuliyemwimbia mpaka sauti zikakauka, akaishia Mtito Andei akiosha malori, na mengine ni ya yule yule tajiri. Mashabiki tulifanya nini? Tulikaa tukaangalia mbuzi wakila nyasi katikati ya uwanja.

Sasa nasikia Jumamosi anakuja mwingine kuchukua timu yenu. Na kocha wenu ati anasema kina mama tusije, haya ni mambo ya mpira! Jezi zenu nani anazifua? Mipira mnayopiga ilitoka wapi, kama si ndengu zetu tulizouza?

Sikukatazi mpira, mwanangu. Hata viatu pokea, miguu yako inakua haraka. Lakini kabla hujavaa, simama umuulize mbele ya watu wote: ukiondoka, timu inabaki ya nani? Akikuita mtoto, uliza tena. Akijibu kwa kicheko, vua urudishe, na wenzako warudishe. Mtu mwema haudhiki kuulizwa. Ukiogopa, niangalie. Nitakuwa nimekaa mstari wa mbele, na huyo kocha ajaribu kunitoa.

Mimi si mzee wa kukutemea mate ya baraka kifuani, lakini nilikuzaa, na hiyo inatosha. Mungu ayalinde magoti yako. Akupe pumzi ya kukimbia na mdomo usiotetemeka. Na kijiji hiki kikuimbie ukiwa nyumbani kwenu, mwanangu, ukiwa wa kwenu.